Kupamba keki kwa tabaka juu ya tabaka: makombe, marinda, mashada na nyuzi

Pambo la matabaka ni krimu inayokamuliwa juu ya krimu nyingine. Shada, yaani mto mnene wa krimu uliopinda, hubeba rinda, yaani utepe wa krimu wenye mikunjo; rinda hubeba uzi mwembamba unaoning'inia, na maungio yote hufichwa na roseti, yaani ua dogo la krimu la mviringo. Kila kipande kinategemea kilicho chini yake, kwa hiyo matokeo huamuliwa na mambo matatu: ugumu wa krimu, vipimo vilivyochorwa kabla ya kuanza, na muda wa kugandisha kati ya tabaka na tabaka. Mtindo huu mara nyingi huitwa Lambeth, kwa jina la Joseph Lambeth, mpambaji keki aliyeupa umaarufu katika miaka ya 1930. Kazi ya asili ilifanywa kwa aisingi ya ute wa yai, ambayo hukauka na kuwa ngumu. Siku hizi keki nyingi za namna hii hupambwa kwa krimu ya siagi, ambayo haikauki hivyo, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Kwa hiyo tunaanza na krimu ya siagi, kisha tutarudi kwenye aisingi.

Krimu

Kwa keki yenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo cha sentimita 10, andaa krimu ya kilo 2 hivi: kilo 1 ya kujaza kati na kupaka nje, na kilo 1 ya kupambia. Pambo la matabaka hula krimu kuliko mtu anavyodhani. Ukiishiwa katikati ya mzunguko utachanganya nyingine, na rangi yake haitafanana kabisa na ya kwanza. Afadhali ibaki.

Kwa kilo 1 ya kupambia unahitaji siagi isiyo na chumvi gramu 350, sukari ya aisingi gramu 700, maziwa vijiko 2 hadi 3 vya chakula, vanila kijiko 1 cha chai na chembe ya chumvi. Siagi iwe kwenye nyuzi 18 hadi 21 za Selsiasi: ukiibonyeza, kidole kinaacha alama bila kuzama. Ipige peke yake kwa dakika 5 hadi 7 mpaka iwe nyeupe. Sukari ichekeche mara mbili, kisha itie kwa awamu tatu. Maziwa yaongeze kijiko kimoja kimoja, na uache mara tu krimu inapolainika.

Watu wengi huishia hapo, lakini krimu ya kupambia inahitaji hatua moja zaidi. Badilisha mchapo wa mashine uweke ule bapa, kisha uzungushe kwa mwendo wa chini kabisa kwa dakika 2 hadi 3. Hatua hii hutoa mapovu ya hewa. Povu likifika kwenye mdomo wa nozeli, yaani kidomo kinachowekwa kwenye ncha ya mfuko wa kukamulia, hupasuka, na pale linapopasukia rinda huchanika au uzi hukatika. Kama huna mashine yenye mchapo bapa, ikandamize krimu kwa mwiko kwenye ukuta wa bakuli, ukiisukuma na kuikunja, mpaka uone uso wake umekuwa laini bila vitundu.

Siagi huanza kuyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, na kiganja cha mkono nacho kina joto la karibu hapo. Kama chumba kina joto, badilisha theluthi moja hadi nusu ya siagi kwa mafuta meupe ya mboga yaliyoganda, ambayo hustahimili joto zaidi. Mafuta hayo huacha utando mdomoni, kwa hiyo yatie kwenye krimu ya kupambia tu, na krimu ya kujaza katikati ibaki ya siagi tupu.

Sasa gawa krimu katika bakuli tatu, kwa sababu krimu ya ugumu mmoja haiwezi kufanya kazi zote. Bakuli la kwanza liwe na krimu ngumu: ukiinua mwiko, ncha inasimama wima. Hiyo ni ya makombe (maumbo kama kombe la baharini), roseti na mapindo. La pili liwe la wastani, ncha ipinde kidogo. Hiyo ni ya marinda na mashada. La tatu liwe laini, ncha ilale kabisa bila krimu kutiririka; hiyo ni ya nyuzi na shanga. Kulainisha, tumia maziwa kijiko 1 cha chai kwa kila gramu 250 za krimu, ujaribu, kisha uongeze kwa matone. Kwa nyuzi ni bora kutumia glukosi ya maji kijiko 1 cha chai badala ya maziwa, kwa sababu glukosi huipa krimu uwezo wa kuvutika bila kukatika.

Rangi tumia ya jeli, si ya majimaji, kwani ile ya majimaji hulegeza krimu. Itie kabla ya kugawa bakuli, na uache krimu ikae saa 2 hadi 3 kabla ya kuamua kama imekolea. Rangi huendelea kukolea yenyewe, hasa nyekundu na nyeusi. Wanaoongeza rangi kila dakika tano mpaka ifike wanapotaka hujikuta kesho yake na keki iliyokolea kupita kiasi na krimu yenye uchungu.

Nozeli na mfuko

Huhitaji seti ya nozeli hamsini. Kwa krimu ya siagi sita zinatosha kabisa: nyota kubwa 1M kwa pindo la chini, nyota ya kati 21 kwa pindo la juu na roseti, nyota ndogo 16 au 18 kwa mashada na kufunika mzizi wa rinda, petali 104 kwa marinda, na za duara namba 3 na namba 2 kwa nyuzi na shanga. Namba hizi hufuatwa na watengenezaji wengi, ingawa ukubwa hupishana kidogo, kwa hiyo angalia mdomo wa nozeli yenyewe kabla ya kuamini namba. Nozeli ya petali ikaguliwe zaidi ya zote. Mdomo wake una upande mpana na upande mwembamba, na ule mwembamba ukibanwa kidogo tu droo ya vifaa inapofungwa, kila rinda litatoka na ukingo uliochanika. Ufungue taratibu kwa ncha ya kisu chembamba.

Mfuko wa sentimita 30 ujaze gramu 150 hadi 200, basi. Mfuko uliojaa hadi juu ni mzito, huchosha kiganja, na krimu ya mwisho inakuwa imeshapashwa moto na mkono kabla haijatoka. Sokota mfuko juu ya krimu, bana msokoto kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha kamua kwa kiganja kutoka juu. Mkono wa pili hushika karibu na nozeli kuongoza tu, haukamui. Kila unapojaza upya, kamua kidogo pembeni mpaka hewa iliyonaswa itoke.

Utahitaji pia stendi ya kuzungushia keki, skrepa, kijiti cha meno na bodi ya keki iliyo pana. Kwa keki ya sentimita 20 chukua bodi ya sentimita 28 hadi 30. Pindo la chini lenye matabaka hutoka nje kwa sentimita 2 hadi 3 kila upande, na likikosa mahali pa kulala litaning'inia ukingoni na kukatika mara keki inaposhikwa.

Kupima

Paka keki krimu nje, nyoosha kwa skrepa, kisha uiweke kwenye friji dakika 30 mpaka uso uwe mgumu ukiugusa. Uso mgumu hukupa ruhusa ya kukosea: pambo lililopinda linaondolewa kwa kisu chembamba bila kuacha jeraha. Kwenye uso laini, kosa moja hutoka na kipande cha ukuta.

Kata mkanda wa karatasi ya kuokea unaozunguka keki mara moja kamili. Keki ya sentimita 20 ikishapakwa krimu huwa na kipenyo cha karibu sentimita 21, hivyo mzunguko wake ni sentimita 66 hivi. Kunja mkanda katikati mara tatu, upate sehemu 8 zilizo sawa, kila moja ikiwa na sentimita 8 na robo. Usitumie rula kwa kazi hii. Karatasi iliyokunjwa haikosei hesabu, na inafuata ukubwa wa keki uliyo nayo mezani. Rudisha mkanda kwenye keki, na kila penye mkunjo toboa alama kwa kijiti cha meno, sentimita 1 na nusu chini ya ukingo wa juu.

Kisha chora mapinde kati ya alama na alama. Chukua kikatia biskuti cha duara chenye kipenyo cha sentimita 9 hivi, ukiegemeze kwenye krimu ili upinde wake upite kwenye alama mbili, na kitovu cha upinde kishuke sentimita 3. Bonyeza kidogo tu, alama ionekane. Zungusha keki nzima ukitazama kabla ya kukamua chochote, kwa kuwa upinde ulioshuka zaidi ya wenzake utaonekana wazi zaidi kila tabaka linapoongezwa juu yake. Ufute sasa kwa kisu na uchore upya.

Kabla ya kugusa keki, fanya mzunguko mmoja wa majaribio kwenye ubavu wa nje wa tini ya kuokea iliyogeuzwa juu chini. Ukuta wa tini umesimama wima kama wa keki, na krimu unayokamua hapo unaikwangua na kuirudisha kwenye bakuli. Kujaribia kwenye trei iliyolala mezani hakufundishi jambo muhimu kuliko yote, yaani jinsi krimu inavyovutwa chini na uzito wake.

Ubavuni: shada, rinda, uzi

Anza na ubavu, ufuate pindo la chini, umalizie na pindo la juu. Ukianza na pindo la chini, mkono utaligusa kila unapofanyia ubavu kazi. Inua keki mpaka mapinde yawe usawa wa macho yako. Anayeinama juu ya keki huona mistari imenyooka kumbe inapanda na kushuka.

Tabaka la kwanza ni shada, ambalo ni kama mto wa kulalia marinda na kuyasukuma yajitokeze nje. Tumia nyota ndogo, 16 au 18, na krimu ya wastani. Gusa alama ya kwanza, kamua kwa nguvu kidogo huku ukipeleka mkono juu na chini kwa miendo mifupi ya zigizaga, ukifuata upinde. Ongeza nguvu unapofika kitovuni, ipunguze unapopanda kwenye alama ya pili, acha kukamua, kisha ondoa nozeli. Shada liwe jembamba kwenye ncha na nene katikati, na unene wake usizidi sentimita 1 na nusu. Likizidi hapo, uzito wake hushinda nguvu ya krimu kujishika ukutani, na litateleza lote kama lilivyo, kwa kawaida baada ya saa moja wakati wewe umeshasonga mbele. Asiyehitaji pambo la kujitokeza sana anaweza kuruka shada na kuweka marinda moja kwa moja ukutani. Keki itakuwa nyepesi na bado nzuri.

Maliza mashada yote 8, kisha rudisha keki kwenye friji dakika 15. Usiruke muda huu. Rinda likikamuliwa juu ya shada laini husukuma shada kando, na matabaka mawili yanakuwa bonge moja lisilo na umbo.

Tabaka la pili ni marinda, kwa nozeli ya petali 104. Upande mpana wa mdomo uguse keki, upande mwembamba uelekee chini na nje kidogo. Ukigeuza, rinda litakuwa na ukingo mnene unaofanana na utepe wa plastiki, na mzizi mwembamba usioshika. Safu ya kwanza ipite chini ya shada, ikifuata ukingo wake wa chini. Kamua kwa nguvu isiyobadilika, na mkono uende juu na chini kwa miendo midogo ya nusu sentimita, kama mtu anayetetemesha kalamu. Kila mtikisiko hutoa mkunjo mmoja. Ukisonga haraka mikunjo hunyooka, ukichelewa hurundikana. Kwa upinde wa sentimita 8, mikunjo 10 hadi 12 hupendeza.

Zungusha stendi kwa mkono wa kushoto ili sehemu unayoifanyia kazi iwe mbele yako daima. Mkono unaokamua unapoifuata keki ikizunguka, pembe ya nozeli hubadilika bila mwenyewe kujua, na rinda la upinde wa tano linakuwa na sura nyingine kabisa na la upinde wa kwanza.

Safu ya pili ya rinda iwe juu ya ya kwanza kwa sentimita 1 hivi, na ukingo wake wa chini ufunike mzizi wa safu ya chini. Daima anza na safu ya chini ukipanda, kama vigae vya paa. Safu mbili zinatosha kwa keki ya kimo cha sentimita 10. Safu tatu huwezekana kama keki ni ndefu zaidi na chumba ni baridi. Ukitaka kupambanua, ongeza rangi kidogo katika krimu ya safu ya chini, ile ya juu iwe nyepesi. Kivuli hicho huonyesha matabaka hata mtu akiwa mbali. Gandisha tena dakika 10 hadi 15.

Sasa mzizi wa rinda la juu unaonekana kama mstari uliochakaa. Ufunike kwa mlolongo wa makombe madogo ya nyota 16, au shanga za nozeli namba 3. Shanga hukamuliwa hivi: nozeli imesimama wima kwa uso wa keki, kamua mpaka tone livimbe, acha kukamua kabisa, ndipo uondoe kwa kuzungusha kidogo pembeni. Ukiondoa huku bado unakamua, kila shanga itapata mkia. Mkia uliobaki uubonyeze kwa kidole kilicholowanishwa maji, au kwa brashi laini.

Tabaka la tatu ni nyuzi, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa bila sababu. Kosa lao ni kuchora uzi, yaani kuufuata upinde kwa nozeli. Uzi hauchorwi, huachwa uanguke wenyewe. Weka krimu laini kwenye mfuko wenye nozeli namba 2 au 3. Gusa alama, kamua kidogo ushike, kisha vuta mfuko kuelekea kwako, mbali na keki, huku ukiendelea kukamua kwa nguvu moja. Uzi utaning'inia hewani. Ukifikia urefu unaoutaka, acha kukamua na uguse alama inayofuata. Uzito wa uzi wenyewe ndio unaotengeneza upinde, na ndiyo maana mapinde yote hufanana. Kama unataka safu mbili au tatu za nyuzi kutoka alama ileile, anza na ile ndefu, inayoshuka chini zaidi, kisha zile fupi juu yake.

Mwisho, kila alama ambapo mashada mawili yanakutana imejaa ncha za kila kitu: shada, rinda, nyuzi. Zifunike kwa roseti moja ya nyota 21. Nozeli iwe wima kwa uso, anza katikati, zunguka mara moja kwa saizi ya sarafu, punguza nguvu na uondoe ukifuata mzunguko. Roseti iwe ya krimu ngumu, kwa sababu haina kitu cha kuegemea isipokuwa ncha hizo.

Pindo la chini na la juu

Kombe la baharini ndilo umbo la msingi la mapindo. Shika mfuko kwa pembe ya nyuzi 45, nozeli ikiwa nusu sentimita juu ya bodi. Kamua bila kusonga mpaka krimu ivimbe na kuinua nozeli kidogo, kisha punguza nguvu ukivuta kuelekea chini na pembeni mpaka ncha iwe nyembamba. Acha. Kombe linalofuata huanza juu ya mkia wa lililotangulia na kuuficha. Anayetumia mkono wa kulia hufanya kazi kutoka kushoto kwenda kulia. Makombe yaliyo bapa bila kichwa maana yake ulianza kuvuta kabla krimu haijavimba.

Pindo la chini lifanye kwa 1M, kisha uligandishe dakika 15. Halafu pitisha rinda la 104 juu ya makombe, pale yanapogusana na ukuta wa keki, ukingo mwembamba ukitazama nje. Makombe yatalinyanyua rinda lisilale kwenye bodi. Kama unapenda, malizia kwa mstari wa shanga kwenye mzizi wa rinda.

Pindo la juu liwe dogo kuliko la chini. Nyota 21 inatosha. Keki iliyo na pindo zito juu kuliko chini huonekana kama itapinduka, hata ikiwa imesimama imara. Namna nzuri ya juu ni makombe yanayopishana, moja likijipinda kushoto na linalofuata kulia, kila moja kama herufi ya koma. Ukiwa na muda, gandisha kisha pitisha uzi mmoja wa namba 2 juu ya mgongo wa kila koma, ukifuata mpindo wake. Uzi huo mmoja hulipatia pindo kina kuliko kuongeza safu nzima ya rinda.

Aisingi ya ute wa yai na mistari ya tatu, mbili, moja

Juu ya keki iliyofunikwa kwa fondanti (donge laini la sukari linalosukumwa kama chapati) au kwa lozi iliyosagwa na kukandwa na sukari, matabaka yanaweza kufanywa membamba sana kwa aisingi inayokauka. Usiijaribu moja kwa moja juu ya krimu ya siagi. Mafuta huiingia, mistari hulegea na kupata madoa.

Changanya sukari ya aisingi gramu 500 iliyochekechwa kwa chujio laini, ute wa mayai makubwa 2, ambao ni gramu 70 hivi, na maji ya limau kijiko 1 cha chai. Kwa watoto wadogo, wajawazito au wagonjwa tumia ute uliopasteurishwa, yaani uliopashwa moto kuua vijidudu, au unga wa ute wa yai uliokorogwa kwa maji kama pakiti inavyoelekeza. Bakuli na mchapo visiwe na mafuta hata kidogo, vifute kwa limau kwanza. Piga kwa mwendo wa chini dakika 5 hadi 8. Mwendo wa kasi hujaza hewa, na mstari wenye hewa huvunjika ukikauka. Ncha ikiinuliwa ipinde taratibu. Bakuli lifunikwe kwa kitambaa kibichi wakati wote, kwani uso hukauka kwa dakika chache na vipande vya ganda huziba nozeli.

Mpangilio wa mistari ni huu. Kamua mstari wa kwanza kwa nozeli namba 3. Ukikauka, pitisha juu yake mstari wa namba 2, na huo ukikauka, wa namba 1. Kando ya mstari huo, ukiacha nafasi sawa na unene wa mstari mmoja, kamua wa namba 2, kisha juu yake wa namba 1. Kando yake tena, mmoja wa namba 1 peke yake. Utapata ngazi tatu zinazoshuka: tatu, mbili, moja. Mstari usiburuzwe, gusa mwanzo, inua nozeli sentimita 2 hadi 3 juu ya uso, acha mstari ulale polepole mahali pake, gusa mwisho.

Kati ya mstari na mstari subiri dakika 30 hadi saa 1, na zaidi hewa ikiwa na unyevu. Mstari wa juu ukiwekwa juu ya uliokauka nusu, wa chini hutanuka na ngazi inapotea. Mstari mbichi uliopinda unasogezwa kwa brashi nyembamba yenye unyevu kidogo. Uliokwisha kukauka unyanyue kwa ncha ya sindano, wote, uanze upya. Kiraka huonekana daima.

Yanayoharibika na sababu zake

Ukingo wa rinda ukichanika, kwanza angalia mdomo wa nozeli, kisha krimu. Krimu iliyokaa muda mrefu kwenye mfuko hukauka mdomoni. Ikamue kidogo nje. Kama imechanika kila mahali, ni kavu: ongeza maziwa kwa matone. Mikunjo ikilegea na kuanguka dakika chache baada ya kukamua, tatizo ni joto wala si mkono. Weka mfuko kwenye friji dakika 5, uukande kidogo, endelea. Watu wanaokamua kwa muda mrefu huwa na mifuko miwili, mmoja mkononi na mwingine kwenye baridi.

Pambo likiteleza ukutani, uso wa keki ulikuwa na jasho. Keki inapotoka kwenye friji na kukaa kwenye chumba chenye unyevu, matone madogo ya maji hujenga utando usioruhusu krimu kushika. Igonge kwa karatasi laini ya jikoni, bila kusugua, kisha pitisha mstari mwembamba wa krimu laini kwenye upinde uliochora kabla ya kukamua shada. Mstari huo hufanya kazi ya gundi.

Uzi ukikatika, krimu ni ngumu, au ina punje za sukari, au unauvuta kwa kasi kuliko unavyokamua. Ukishuka chini ya kipimo na kuendelea kurefuka hata baada ya kuuachia, umeilainisha mno. Rudishia sukari kijiko kimoja cha chakula. Uzi ukitoka umejikunja kama chemchemi, mdomo wa nozeli una uchafu upande mmoja.

Rangi nyeusi au nyekundu ikiingia kwenye nyeupe, sababu kwa kawaida ni jasho hilohilo. Pamba zile nyepesi kwanza, zigandishe, rangi kali ziwe za mwisho, na baada ya hapo usiitoe na kuirudisha keki kwenye friji mara kwa mara.

Kuhifadhi na kubeba

Keki ikikamilika, igandishe kwenye friji saa 2 angalau kabla ya kuibeba. Iweke ndani ya boksi refu kuliko keki kwa sentimita 5, na boksi liwe na upana wa bodi ili isiteleze. Kwenye gari iwe mahali palipo bapa, si juu ya kiti kilichoinama. Ukifika, usifungue boksi mara moja. Liache limefungwa kwa dakika 30 hadi 60, ili unyevu wa hewa utue juu ya boksi na sio juu ya marinda. Beba pia mfuko mdogo wenye krimu ngumu na nozeli ya nyota 21: pambo likiguswa njiani, roseti moja mahali pale hufunika jeraha.